Mkono wa Prezida wa Parking

Ukitaka kusafiri kwa moto, yaani pikipiki, kutoka parking yetu karibu na reli ya Kamina, ukapita nyumba za mwisho za mji, hata kama umeshapanda, ilibidi ushuke kwanza umpe Prezida mkono. Padri alishuka, mwalimu alishuka, mke wa kanali wa Base, kambi ya jeshi, alishuka na kitenge chake kipya. Ulimkuta Prezida ameketi juu ya kidumu cha manjano, ndani ya kibanda cha bati, kaske, kofia ngumu ya moto, kichwani hata kama hana safari. Ulimnyooshea mkono wa kuume, naye akishaushika hakuuachia upesi.

"Wafwako, vidye," alisema, kwa maana salamu yake ilianza kwa Kiluba hata kwa watu wa Maniema wasiojua neno la pili. Kisha aliingia katika Kiswahili chetu. "Weye uko mutoto ya nani? Mama yako banamwitaka nani? Na kule unaenda, njo kwa nani?"

Sisi waendesha moto, ambao Kamina wanatuita motari, tulisimama pembeni tukisubiri. Abiria wengine walikasirika. Wengine walianza kutaja shangazi na wajomba hadi ikabidi sisi wenyewe tupige klakson ili safari ianze. Prezida hakuandika kitu. Jina la mama yako likishaingia kwenye kichwa chake lilikaa humo, na mwaka ujao angekuuliza kama goti la mama limepona.

Alizaliwa wapi, sijui. Huyo aliyemuuliza kila mtu ukoo wake hakuwahi kututajia wa kwake, na aliyejaribu kumuuliza aliambiwa akaangalie breki za moto yake. Tulijua tu kwamba alikuwa askari Base kwa miaka mingi kabla ya kununua moto, kwamba ana mke anayelima mihogo, na kwamba hakuna mtu aliyemchagua kuwa prezida. Siku moja alikaa juu ya kile kidumu, akaanza kutoa amri, na sisi tukaanza kutii. Nimekaa naye karibu miaka kumi na miwili, na sijapata kuona mtu mwingine aliyechukua cheo kwa namna hiyo na akakistahili.

Ile salamu ndiyo ilikuwa ulinzi wetu. "Mwizi hapendake kuulizwa habari ya shangazi yake," alituambia. "Muntu mwenye alishakuambia jina ya mama yake, anasikia haya kukuua mu njia." Sisi tulicheka. Lakini mara moja alikuja bwana mmoja mwenye koti zito, anataka kwenda mbali, hataki kusema ni kwa nani. Prezida akamshika mkono, akaanza maswali yake. Bwana yule akasema amesahau simu nyumbani, anaifuata na kurudi. Hakurudi. Mpaka leo hatujui kama alikuwa mwizi au alikuwa mtu asiye na subira, ila motari aliyetakiwa kumbeba alimnunulia Prezida munkoyo, kinywaji chetu kitamu cha mahindi, wiki nzima, na Prezida akaunywa wote bila kubisha.

Siku nyingine alikuja bwana wa ofisi za jimbo, suti na mkoba, ana haraka ya kufika Base. Alikataa kushuka kwenye moto.

"Minyi niko autorité," alisema, kwa maana ya mkubwa wa serikali.

"Ndiyo, autorité," Prezida akajibu bila kuinuka. "Autorité ya mama gani?"

Parking nzima ilianguka kwa kicheko. Yule bwana alijaribu kubaki na hasira yake, ikamponyoka, akashuka akicheka na yeye. Wakaanza kuulizana, ikaonekana kwamba mama yake na mke wa Prezida walitoka kijiji kimoja. Tangu siku ile, kila alipopita na gari lake alishusha kioo na kusalimia. Wamama wa Kamina waliwaambia mabinti zao, kama ni safari ya mbali, mupande moto ku parking ya mukono. Ndivyo walivyotuita. Nilikuwa kijana mwenye moto iliyochakaa, lakini nikisema natoka parking ya mkono, watu walinitazama vizuri, na mimi nilijisikia mtu.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alitukataza matusi, na yeye mwenyewe alitukana kwa lugha tatu. Alikataza pombe kazini, halafu Jumapili baada ya misa alionekana akiimba njiani kwa sauti ambayo si ya munkoyo peke yake. Masharubu yake yalikuwa meusi kuliko umri wake. Tuliamini anayapaka kitu, na mke wake alipoulizwa alitazama pembeni. Kaske alivaa hata dukani. Aliivua kanisani tu, akaiweka juu ya magoti na kuikumbatia wakati wote wa mahubiri.

Na jambo hili nilishindwa kulielewa kwa muda mrefu: mtu huyu aliyechukia silaha alizijua kuliko sisi wote. Akifungua moteri ya moto na kupanga vipande vyake juu ya gunia, alitueleza jinsi bunduki inavyofunguliwa, kipande baada ya kipande, kwa uso uliojaa raha. Mikono yake ilikimbia yenyewe. Akimaliza alifunga kila kitu, akajifuta mafuta na kusema, "Hii moto inakuleteaka chakula. Ile ingine nilibeba miaka mingi, hainileteaka hata muhogo." Kisha kila asubuhi alipita kwenye moto zetu, akatuambia tufungue kiti, akachungulia chini yake. Akikuta kisu, hata cha kukatia kamba, alikichukua na kumpelekea mke wake jikoni. Nadhani hakuna mwanamke Kamina aliyekuwa na visu vingi kama yule mama.

Tuliona ni mchezo wa mzee hadi siku ya Ngoy.

Ngoy alikuwa mwenzetu, mpole, mwenye moto mpya kuliko zote. Alibeba watu wawili kwenda upande wa Kabondo-Dianda. Huko njiani, penye mashimo ambapo moto lazima itembee polepole, walimpiga kwa chuma, wakamfunga kwenye kichaka, wakaondoka na moto. Wanawake waliokuwa wakienda shambani walimkuta kesho yake. Aliishi, lakini jicho moja lilipotea, na hakupanda tena moto hata kama abiria.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba wale watu walikuwa wamesalimia. Walishuka, wakampa Prezida mkono, wakataja mama na kijiji, na yote yalikuwa uongo.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata, nyuma ya kibanda. Sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yangu.

"Prezida, salamu yako ilimuponyesha Ngoy?" nilimwuliza mbele ya watu. "Weye unabebaka bamama ya soko, unaenda na kurudi. Shiye tunaingia mu pori. Kila motari abebe mupanga. Mwizi akiona mupanga, atafikiri mara mbili."

Watu walipiga makofi. Prezida alikuwa amevua kaske, jambo ambalo hatukulizoea. Alitazama mkono wake wa kuume kwa muda.

"Nilibashika bale bantu mukono," alisema. "Nilibashika, na sikujua. Hii makosa ni ya minyi, sitaikatala." Kisha akaendelea. "Lakini musikie. Mwizi anakuyaka na mawazo mbili: kubeba moto, ao kubeba moto na roho. Ngoy alibakia na roho. Angetoa mupanga, angemusaidia mwizi kuchagua."

"Ao angemukata mwizi," mtu alipiga kelele.

"Ao angemukata," Prezida alikubali. "Na kama haiko mwizi?"

Hakuna aliyeona swali lile lina maana. Mwizi ni mwizi, tulifikiri, utamjua ukimwona. Prezida akatoa amri mbili. Ya kwanza, hakuna mupanga, hakuna kisu, hakuna chuma, na atakayekutwa nacho atafute parking nyingine. Ya pili, hakuna moto itakayotoka mjini peke yake. Moto mbili mbili, hata kama ya pili haina abiria, na zamu zitapangwa ili kila mtu amsindikize mwenzake.

Tulitawanyika tukinung'unika. Wiki ile motari kadhaa walikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Maniema, mwenye duka la vipuri, ambaye pia aliuza majembe na mapanga. Alikuwa rafiki wa Prezida. Saa kumi walikunywa chai pamoja, mmoja na tasbihi, mwingine na rozari, wakibishana juu ya bei ya tairi. Prezida alimwomba asiwauzie motari mapanga. Mfanyabiashara alisema hawezi kukataa mteja. Alichofanya ni kumwuliza kila motari aliyeshika mupanga dukani mwake: "Shamba yako iko wapi, kijana? Unalima nini?" Na jioni alimsimulia Prezida majibu yote, nao walicheka mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo mimi sikununua. Nilichukua mupanga wa mama yangu, ule wa kufyekea shamba. Niliufunga kwa mpira wa ndani wa tairi, nikauficha chini ya tangi ambapo Prezida hakuchungulia, maana yeye alitazama chini ya kiti tu. Kila asubuhi nilifungua kiti changu na uso wa mtu safi. Nasema wazi kwamba nilijisikia vizuri. Nilipopita kwenye majani marefu nilijua ninacho kitu, na mgongo wangu ulinyooka.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi, asubuhi ya ukungu. Jua lilikuwa limeshatoka lakini hulioni, ni weupe tu kila upande. Mwanamke mmoja wa Base, mke wa askari, alitaka kufikishwa nyumbani na magunia yake ya unga. Wenzangu hawakuwa wamefika bado parking. Nilimpakia, nikaondoka peke yangu. Ya kusubiri mwenzangu niliyaona ni ya waoga, kwa kuwa mimi nilikuwa na changu chini ya tangi.

Nilimfikisha salama. Nikirudi, chini ya mteremko, shene, mnyororo wa moto, ikatoka kwenye meno yake. Nilipiga magoti barabarani kuirudisha, mgongo nimeuelekeza mteremkoni. Mikono ilikuwa na mafuta, baridi inauma, na kimya kilikuwa kimya kweli. Ndipo nikasikia mawe madogo yakisagika nyuma yangu. Tairi. Tairi inakuja, lakini moteri haisikiki.

Motari yeyote angejua sauti ile kama angekuwa ametulia. Ni mwenzako anayeshuka mteremko amezima moteri ili kubana mafuta. Tulifanya hivyo kila siku, ingawa Prezida alitukataza vikali, kwa kuwa ukizima moteri hata klakson inakuwa dhaifu na mtu aliye mbele hakusikii. Lakini mimi sikuwa nimetulia. Nilikuwa mtu mwenye mupanga ambaye kwa miezi yote alimngojea mwizi, na sasa mwizi amefika. Nilivuta mpira, nikageuka, nikaona kivuli kirefu kinanijia, nikakata.

Kivuli kiliinua mkono wa kushoto. Moto ikaanguka, mtu akaanguka nayo, na kaske ikagonga barabara mara mbili. Ilikuwa kaske ninayoijua.

Prezida alikaa chini katikati ya barabara, amekamata kiganja chake cha kushoto, damu inapita kati ya vidole. Alinitazama. Halafu akatazama moto yangu.

"Shene yako," alisema. "Nilikuambia tangu juzi."

Alikuwa amefika parking, akaambiwa nimeondoka peke yangu, akawasha moto yake na kunifuata. Alikuja kuwa moto yangu ya pili.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye mikono ya mafuta, na yeye akanitukana kwa lugha tatu akiniambia niache kelele, nichane ule mpira nimfunge nao. Nilifunga. Nilimpeleka kwa muuguzi mmoja mstaafu aliyeishi karibu na Base. Yule mama aliuliza ni nini kilichokata.

"Bati," Prezida alisema. "Vélo moja ilikuwa inabeba mabati, nikaikuta mu brouillard, ile ukungu."

Muuguzi alitazama jeraha, akanitazama mimi, akaendelea kushona. Na mjini pia hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Kila mtu Kamina ameona baiskeli iliyobeba mabati mapana, hakuna aliyeshangaa. Wenzangu walinisifu kwa kumwokoa mzee. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mupanga aliubeba mwenyewe. Siku ya tatu, mkono umefungwa shingoni, alikwenda kwa mama yangu na kumkabidhi.

"Mama, mutoto yako alisahau mupanga yako ku parking," alimwambia. "Ni muzuri sana. Ya kulimia."

Mama alimshukuru, akamfungia sombe, majani ya mihogo, na samaki mkavu, na jioni alinigombeza kwa kuchukua vyombo vya watu bila kuomba.

Nilimngojea Prezida anifukuze. Asubuhi ya nne aliniita mbele ya kidumu. "Minyi sitaweza kufungua kiti na mukono moja," alisema. "Utafungua weye. Kila asubuhi, moto yote. Na utaangalia chini ya tangi pia." Hakuongeza neno. Tangu siku ile nikawa mtu wa kuchungulia moto za wenzangu, na kila nilipokuta chuma nilijua hasa mwenye nacho anajisikiaje. Nilikichukua bila hasira. Wengine walinichukia, waliniita mbwa wa Prezida. Nilikubali jina lile na sikuona uchungu nalo.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikujikunja tena. Bila vidole vile huwezi kukamata ambreyaji, yaani klachi, na bila ambreyaji huwezi kuendesha moto. Aliuza yake. Watu walisema amezeeka, na yeye aliwaacha waseme, yeye mwenye masharubu yaliyopakwa ili asionekane mzee. Aliendelea kuja parking kwa miguu, kaske kichwani, akavaa kaske ile kwenda na kurudi, na vijana wapya walimcheka kwa siri: mzee huyu anajikinga na nini? Mimi niliwaambia wanyamaze. Sikuwaambia kwa nini.

Siku moja hata kutembea kukawa kuzito, miguu ikavimba, akabaki nyumbani. Salamu tuliiendeleza sisi. Kila motari anayekaa kwenye kidumu kwa zamu anamshika abiria mkono na kumwuliza mama yake ni nani. Tunaifanya vibaya kuliko yeye, majina tunasahau, lakini tunaifanya. Parking nyingine zimekuja kuiga. Nikiona mtu mwenye suti anashuka kwenye moto na kumtajia kijana wa miaka ishirini jina la bibi yake, kifua kinanijaa.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, wezi wakampiga mwenzetu mwingine kwenye barabara ile ile ya Kabondo-Dianda. Alikuwa peke yake. Mwenzake wa zamu alikuwa na homa, na hakutaka kusubiri. Huyo aliyevunjwa mbavu ni mdogo wa Kabamba, na Kabamba ni motari shupavu, msemaji, vijana wote wanamfuata. Aliita mkutano. Hata kabla ya siku yenyewe alikuwa akisema kila mahali kwamba safari hii si mapanga tu. Anamjua mtu anayeweza kutafuta bunduki moja, ikae parking, ichukuliwe kwa zamu. Na watu walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mchunguzi wa viti na ndiye niliyetakiwa kujibu.

Asubuhi ya mkutano nilikwenda kwa Prezida. Nilimkuta kitandani, mke wake anamsugua miguu. Yule mama akatuachia nafasi, akatoka uani.

"Prezida," nikasema, "leo nataka niseme kweli. Kama hawajui, hawatasikia. Unipe ruhusa."

Alitazama bati la nyumba.

"Weye unazania nilificha juu yako, juu ya kukukinga," alisema.

"Si juu yangu?"

"Nusu. Nusu ingine ni juu ya minyi." Alikohoa, na niliona kwamba anaona haya kweli kweli, mtu ambaye sijawahi kumwona na haya. "Nilikatazaka bote kuzima moteri ku mteremko. Nilimufukuza hata muntu moja juu ya ile. Na ile siku, minyi mwenyewe nilizima. Mafuta ilikuwa kidogo. Kama ningekuya na moteri, ungenisikia. Ungesema mupanga yako, bangeniuliza: na weye, juu ya nini hakukusikia? Prezida muzima! Nilisikia haya kuliko maumivu."

Nilikaa pale na sikujua nicheke au nilie. Miaka yote hiyo nilimbeba mtu huyu moyoni kama deni lisilolipika, na yeye alikuwa ananiogopa mimi nisimwulize kuhusu moteri. Nikampenda zaidi, kama hilo liliwezekana.

"Nitasema yangu peke yake," nikamwambia. "Ya moteri nitaacha."

"Hapana," akasema, akaanza kushusha miguu kitandani. "Kila muntu atasema yake. Leta kaske."

Nilimpakia nyuma ya moto yangu. Mke wake alimfunga kwangu kwa kitenge ili asianguke, na hivyo ndivyo tulivyofika nyuma ya kibanda, ambapo watu karibu hamsini walikuwa wamesimama. Walimpisha. Walimwekea kidumu. Nilisimama kando yake, na kabla Kabamba hajafungua mdomo nikaanza.

Niliwaambia yote. Mupanga wa mama, mpira, tangi, ukungu, shene. Niliinua mkono wa kushoto wa Prezida, nikawaonyesha mistari ya kovu, nikasema, "Haiko bati. Ni minyi njo nilimukata." Pale walikuwepo walionisifu siku ile kwa kumwokoa, na nyuso zao nilishindwa kuzitazama. Nilipomaliza, Prezida akasema na yeye ya kwake, kwa maneno machache, bila kujitetea. "Moteri nilizima. Sheria niliweka minyi, nikaivunja minyi." Yule aliyewahi kufukuzwa kwa kosa hilo alikuwepo. Alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo.

Kisha Kabamba akaja mbele. Hakuwa na dharau. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala kwa ajili ya mdogo wake.

"Prezida, minyi nakuheshimu," alisema. "Lakini uniambie kitu moja. Weye ulikuwa soldat. Ile siku, kama ungekuwa na arme yako, bunduki, na huyu anakukata vile, ungefanya nini?"

Prezida hakufikiri hata kidogo.

"Ningemuua," alisema. "Minyi sikosake. Kabla sijajua ni nani, angekuwa amekufa."

Aliugeuza uso wake kwangu, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, na mtu yeyote pale angeweza kuona kwamba ananitazama kwa fahari.

"Sikukuwa nayo," akawaambia. "Njo maana anasimama hapa anabasemesha."

Kabamba aliinamisha kichwa. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, kisha akageuka kwa wenzake. "Bon," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kesho naenda Kabondo kutafuta dawa ya mudogo wangu kwa mujomba. Ni nani atanifuata nyuma?" Mikono iliinuka mingi kuliko moto tulizonazo. Bunduki haikutajwa tena, na hatukupiga kura.

Mimi mkono wangu sikuinua, maana ulikuwa bado umeshika mkono wa Prezida. Nilikuwa nawaza nyumbani kwangu. Nina watoto watatu, na wote watatu walizaliwa baada ya asubuhi ile ya ukungu.